Kubadili shokapu za mbele kwenye Honda XL125S ya zamani: vipimo, shafti ya usukani na breki (Mwanza)

#1 Mtoto wa Bwana Shamba

Wakuu, habari za majukumu.

Humu kila mara kuna mtu anauliza kama shokapu za mbele za pikipiki fulani zinaingia kwenye pikipiki nyingine, na majibu huwa mawili tu: "zinaingia" au "haziingii". Naona swali lenyewe limekaa vibaya. Ukimpa fundi wa lethi (mashine ya kuchonga vyuma) muda na pesa, karibu kila shokapu itaingia kwenye karibu kila fremu. La kuuliza ni hili: zikishaingia, usukani utakuwaje, na breki itajishikiza wapi? Nimemaliza kazi hii kwenye Honda XL125S hapa Nyakato, naandika kwa kirefu ili mwenye pikipiki ya zamani ajue pa kuanzia.

Pikipiki ni ya mzee wangu, aliitumia miaka yote ya ubwana shamba kule Misungwi. XL125S zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1970: silinda moja, 124 cc, umeme wa volti 6, breki za dramu mbele na nyuma, rimu ya mbele inchi 21. Injini haina tatizo. Tatizo lilikuwa mbele. Krom ya mirija, ile ya kung'aa, ilishaliwa na kutu na kubaki vishimo vishimo. Kishimo kikipita kwenye sili ya oili kinachana mdomo wa sili. Unaweka sili mpya, baada ya muda mfupi mguu wa shokapu, ile sehemu ya chini ambamo mrija unateleza, umelowa tena. Na kwa breki ya dramu oili ikishuka hadi kwenye habu, lainingi zinalowa, unabana breki na pikipiki inaendelea na safari yake. Ukiwa unashuka mlima wa Bugando na abiria nyuma, hilo si jambo la kuvumilia.

Mirija mipya ya modeli hii sikuipata. Nilichopata ni mtumba wa mbele wa pikipiki ya Kichina aina ya 200 GY, rimu 21 vilevile, breki ya diski. Nikachukua mbele nzima: shafti ya usukani, T ya chini na pleti ya juu (ndizo zinazoshika mirija miwili na shafti), mirija, miguu, ekseli, rimu, diski, kalipa, mpaka pampu ya breki ya kwenye usukani na mpira wake. Kama hutakumbuka kitu kingine katika uzi huu, kumbuka hili. Chukua kila kitu kutoka pikipiki moja. Ukiokota mirija huku, T kule, rimu kwa mtu mwingine, unaunganisha vitu ambavyo hakuna mhandisi aliyewahi kuvikutanisha, na kila tofauti utailipia kwa bushi na spesa.

Sasa vipimo. Beba venia na rula ndefu kabla hujatoa hata shilingi.

Cha kwanza ni urefu, kutoka katikati ya ekseli hadi kichwani mwa mrija, shokapu zikiwa zimenyooka kabisa. Pima za zamani, pima za mtumba. Tofauti ya urefu inageuza mlalo wa shingo ya fremu, yaani jinsi lile bomba la mbele ambamo shafti ya usukani inapita linavyolala kutoka wima. Pikipiki ambayo matairi yake yako mbali kwa mita 1.3 hivi, ukiinua mbele kwa milimita 23 umelaza shingo kwa digrii 1. Inaonekana ndogo, lakini usukani unaisikia.

Cha pili ni kile wengi hawakipimi. Vuta mstari wa kufikirika upite katikati ya shingo ya fremu uende hadi ardhini. Halafu tazama tairi linagusa ardhi wapi. Linagusa nyuma ya mstari huo. Umbali kati ya alama hizo mbili, tuuite mkia, ndio unaofanya pikipiki ijinyooshe yenyewe ukiachia usukani. Mkia ukiwa mfupi mno, pikipiki inakuwa na kiherehere, inatikisa kichwa kwenye mashimo. Ukiwa mrefu mno, inakuwa nzito kukata kona, hasa kwenye mchanga.

Mkia unatokana na vitu vitatu: ukubwa wa tairi, mlalo wa shingo, na jinsi ekseli ilivyosogezwa mbele ya shafti ya usukani. Hicho cha tatu kinatokana na T pamoja na mguu, kwa sababu miguu mingine ekseli yake imekaa mbele ya mrija na mingine imekaa chini yake moja kwa moja. Hesabu yake: chukua nusu kipenyo cha tairi, zidisha kwa sini ya mlalo, toa msogeo wa ekseli, halafu gawanya kwa kosini ya mlalo. Tairi la inchi 21 lina nusu kipenyo cha milimita 340 hivi. Kwa mlalo wa digrii 28 na msogeo wa milimita 50, mkia ni milimita 124. Msogeo ukiwa 65, mkia unashuka hadi 107. Ukiwa 35, unapanda hadi 141. Mlalo ukiongezeka digrii 1, mkia unaongezeka kama milimita 7. Simu yoyote ina kikokotoo cha sini na kosini, hakuna kisingizio.

Kwangu mtumba ulikuwa mrefu kuliko za zamani kwa sentimita 4 hivi. Nikapandisha mirija ndani ya T na pleti ili kichwa kitokeze juu, nikarudisha karibu nusu ya tofauti. Sikupandisha zaidi, kwa sababu hapo kuna mtego mwingine: shokapu ikibonyea yote, tairi linaweza kugonga T ya chini. Hili halipimwi kwa macho. Toa springi zote mbili, rudisha vifuniko, shusha pikipiki taratibu hadi shokapu zifike mwisho kabisa, halafu angalia nafasi kati ya tairi, madigadi na T. Ikiwa hata kidole hakipiti, rudisha mirija chini. Tairi likigonga T ukiwa kwenye mwendo, gurudumu linafunga na wewe unatangulia mbele.

Shafti ya usukani na beringi nitaeleza kadiri maswali yanavyokuja. Karibuni.

#2 Kirumba Mwaloni

Hii ndiyo nondo. Mkuu, sisi tunaobeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni tunaua sili kila kukicha, nilidhani sili ni feki tu. Swali langu ni la trafiki. Ukibadili mbele nzima si watasema pikipiki si ile ya kwenye kadi?

#3 Mtoto wa Bwana Shamba

Mkuu, kinachotambulisha pikipiki kwenye kadi ni namba ya chasisi na namba ya injini. Pikipiki nyingi, hii ya kwangu ikiwemo, namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, palepale fundi anapofanyia kazi akitoa bakuli za gololi. Kwa hiyo mwambie kabla hajashika nyundo: hapo hapapigwi msasa, hapapakwi rangi nzito, hapachomelewi. Namba ikifutika, utajieleza hadi uchoke.

Na mtumba wenyewe andikishaneni na muuzaji, jina lake, namba yake ya simu, na imetoka kwenye pikipiki gani. Mbele ya pikipiki iliyoibiwa haina alama usoni.

#4 Fundi Igogo

Naunga mkono hoja ya mleta mada kuhusu kuchukua mbele nzima, na naongeza sababu ambayo nimeiona kwa macho yangu gereji.

Wateja wengi wanasema: "Fundi, mimi rimu yangu na dramu yangu nzima, niwekee shokapu tu." Sawa. Sasa chukua ile sahani ya breki, ile inayobeba breki shuu na lainingi, igeuze uitazame upande wa nje. Utaona mfereji, kama upana wa kidole. Mguu wa shokapu una jino lililotokeza, limeyeyushwa pamoja na mguu kiwandani. Jino linakaa ndani ya mfereji, basi. Hilo jino ndilo linalozuia sahani isizunguke. Ukibana breki, nguvu yote ya pikipiki na mzigo inaegemea hapo.

Shokapu za pikipiki ya diski hazina hilo jino. Rimu itaingia vizuri, ekseli itapita, nati itakaza, ukisukuma pikipiki utaona kila kitu kiko safi. Ukibana breki mara ya kwanza kwa mwendo, sahani inazunguka na gurudumu, inavuta kebo ya breki mpaka inajikunja kwenye ekseli, na gurudumu linafunga papo hapo. Nimeletewa pikipiki ya namna hiyo, sahani imepasuka, mguu umechimbika, na dereva alikuwa amelazwa hospitali ya Bugando.

Na msidanganyike na nati ya ekseli kwamba ikikazwa sana itashikilia sahani. Haishikilii.

Kama ni lazima ubaki na dramu, tengeneza mkono wa chuma kutoka kwenye sahani hadi kwenye mguu, wenye bolti nzuri pande zote mbili na nati za kujifunga. Kwenye mguu ushike mahali palipotengenezwa kubeba nguvu, mfano masikio ya kalipa. Msichomelee jino la kubuni kwenye mguu wa aluminiamu. Joto la kuchomelea linalegeza aluminiamu pembeni ya mshono na linaweza kupindisha tundu la ndani ambamo mrija unateleza.

#5 Mtoto wa Bwana Shamba

Fundi Igogo, ubarikiwe. Hili lilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza kabisa.

Niongeze kwamba kifaa kinachoendesha kebo ya spidomita nacho kina kijino chake kwenye mguu. Kisipokaa sawa kinazunguka na kukata kebo.

#6 Bunda Kwetu

Mkuu mleta mada, mimi nina SanLG ya bodaboda, rimu ya mbele ni 18. Njia zangu ni Bunda hadi Kisorya na vijiji vya pembeni, mawe na mchanga. Naona hizo shokapu za GY zenye rimu 21 ndizo zinanifaa, ipande juu ipite popote. Nipe mwongozo.

#7 Mtoto wa Bwana Shamba

Ndugu yangu, kwa pikipiki ya abiria nakusihi usifanye.

Tazama hesabu. Kutoka rimu 18 kwenda 21, nusu kipenyo tu kinapanda inchi 1.5, yaani milimita 38, na bado hujahesabu kwamba tairi lenyewe na shokapu za GY ni ndefu kuliko zako. Ukijumlisha, mbele inaweza kupanda sentimita 10 au zaidi. Hiyo ni digrii 4 na ushee za mlalo wa shingo. Sasa weka abiria wawili nyuma kama kawaida yenu, springi za nyuma zizame, mbele izidi kuinuka. Tairi la mbele litabaki na uzito kidogo mno. Ukikata kona kwenye changarawe halitashika, na kupanda kilima litaruka.

Na fremu yako ilitengenezwa kwa shokapu fupi. Shokapu ndefu ni mtaimbo unaopindisha shingo ya fremu kila unapoingia shimoni, na mishono ya shingo ya fremu nyepesi ndiyo inayopasuka kwanza. Kwangu XL125S ilizaliwa na rimu 21 na shokapu ndefu, ndiyo maana tofauti ilikuwa ya sentimita chache.

Kwa njia zako, weka tairi zuri la kashata (lenye meno) kwenye rimu hiyohiyo ya 18, sili mpya, oili sahihi, na beringi za shingo zikae vizuri. Utashangaa.

#8 Bunda Kwetu

Nimekuelewa mkuu. Sikuwa nimefikiria abiria.

#9 Mzee Lethi

Vijana, mmeongea vizuri. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye lethi hapa Mwanza, nataka kuongelea shafti ya usukani kwa sababu naona mleta mada ameiruka.

#10 Mtoto wa Bwana Shamba

Shikamoo mzee. Nilikuwa namsubiri mtu kama wewe, maana yangu ilichongwa na mtu wa rika lako na yeye ndiye aliyenifundisha kuiheshimu. Tafadhali endelea.

#11 Mzee Lethi

Marahaba mwanangu.

Shafti ya usukani ndiyo inayoshika mbele yote na fremu. Hakuna kingine. Ikikatika hakuna breki wala ujuzi utakaokusaidia. Kwa hiyo kabla ya kuchonga chochote, tafuta kama unaweza kukwepa kuchonga. Toa shafti mpya, pima kipenyo pale beringi ya chini inapokaa na pale ya juu inapokaa. Pima na tundu za shingo ya fremu, upana na kina. Halafu nenda duka la beringi na vipimo mkononi. Beringi za koni zina namba na vipimo vinavyojulikana dunia nzima: 32005 ni ndani milimita 25, nje 47, unene 15. Ile 32006 ni ndani 30, nje 55, unene 17. Ukipata yenye ndani ya shafti na nje ya shingo, umemaliza, shafti ya kiwandani inabaki kama ilivyo. Ikikosekana kidogo kwa nje, ni afadhali nichonge pete ya kuvaa kwenye shingo kuliko niguse shafti.

Angalia na urefu. Shafti ikiwa ndefu kuliko shingo, unaweka spesa chini ya pleti ya juu. Ikiwa fupi, nyuzi hazitashika nati inavyotakiwa, na hapo mniruhusu niwe mkali: hakuna kurefusha shafti kwa kuchomelea kipande. Nimeletewa kazi hiyo mara nyingi na nimeikataa.

Ikibidi shafti mpya, iwe chuma cha maana, mfano EN8, si bomba la maji na si nondo ya ujenzi. Iachiwe bega chini ili T isiweze kupanda wala kushuka. Na pale kipenyo kinapobadilika, pawe na mviringo mdogo, pasikatwe kona kali. Ufa wa shafti huanzia kwenye kona kali, unatembea ndani polepole bila wewe kuona, siku moja unamaliza.

Kuingiza kwenye T ya aluminiamu, shafti iwe kubwa kuliko tundu kwa milimita 0.03 hadi 0.05. Tunaingiza kwa joto na presi. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 30 ukilipasha kutoka joto la kawaida la 25 hadi 150 linafunguka karibu milimita 0.09, shafti inaingia bila kelele. Tumia oveni ya mikate, si moto wa gesi, maana huwezi kuupima, na ukivuka 200 unaanza kupunguza nguvu ya aluminiamu yenyewe. Shafti nayo ilazwe kwenye friza usiku kucha. Mwanza hatukosi friza, wauza samaki wako kila kona. Inasinyaa kidogo sana, lakini kidogo hicho kinasaidia.

Halafu chini iwekwe kifungio, nati au pete, kwa usalama.

#12 Fundi Igogo

Mzee umefunga mjadala wa shafti. Mimi namalizia na kukaza, kwa sababu kazi nzuri ya lethi inaharibiwa na spana.

Beringi za shingo ukizikaza mno zinajichimbia vishimo, na pikipiki inakuwa na tabia ya "kubofya" katikati, usukani unataka kukaa mahali pamoja. Ukizilegeza, breki ya mbele ikibanwa unasikia "tok". Ninavyofanya: nakaza nati ya chini hadi beringi zikae, nazungusha usukani kushoto na kulia mara kadhaa, nalegeza, halafu nakaza tena taratibu. Kisha pikipiki iko juu ya stendi, gurudumu la mbele hewani. Nausukuma usukani kidogo tu kwa kidole kutoka katikati. Unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho, pande zote mbili, kwa uzito wake. Ukikwama njiani, umekaza mno. Halafu nakaa mbele chini, nashika miguu yote miwili karibu na ekseli, navuta na kusukuma. Nikisikia kucheza hata kidogo, bado. Na nakagua tena baada ya kukaza nati ya juu, maana nati ya juu inabadilisha kila kitu.

Usiache kuangalia kikomo cha usukani. T mpya mara nyingi haina masikio yanayogota kwenye fremu palepale. Bila kikomo, mirija inagonga tangi na kidole gumba chako kinabanwa kati ya usukani na tangi.

Kuhusu diski: pampu na kalipa zitoke pamoja kama alivyosema mleta mada, kwa sababu ukubwa wa pistoni zake unaendana. Oili ya breki ni DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Nimekuta watu wameweka oili ya injini. Inavimbisha mipira ya ndani, breki inashika na haiachii.

#13 Nesi wa Nansio

Habari zenu wote. Mimi ni dada, nipo Ukerewe, nina Suzuki TF125 niliyoinunua kwenye mnada, naitumia kwenda vijijini kwenye chanjo. Nikibana breki, mbele inazama sana hadi inagonga "kap", na kwenye mashimo vivyo hivyo. Fundi wa huku anasema shokapu zimekufa, niweke za Boxer. Mimi si mrefu, nikasikia ni fupi kidogo, nikafurahi. Nimesoma uzi wote sasa naogopa. Nifanyeje?

#14 Mtoto wa Bwana Shamba

Dada, karibu sana, na asante kwa kazi ya chanjo.

Usinunue chochote bado. Shokapu inayozama na kugonga haijafa, mara nyingi haina oili ya kutosha, au springi zimechoka. Mirija yako ina vishimo vya kutu? Pitisha ukucha kwenye sehemu inayoingia na kutoka kwenye mguu. Ukucha ukiteleza tu, mirija ni mizima.

Fanya kipimo hiki na mtu wa kukusaidia. Funga uzi au mpira wa nywele kwenye mrija, uusukume ukae juu ya sili. Inua mbele hadi shokapu inyooke yote, pima kutoka sili hadi alama fulani juu. Kisha kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa safarini, na sanduku la chanjo, msaidizi apime tena. Tofauti hiyo ndiyo kuzama kwako. Inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya shokapu. Ikizidi sana, springi zimelegea. Fundi anaweza kuzitoa akazipima urefu na kuziongezea spesa juu, bomba fupi gumu lililokatwa sawasawa, sentimita 1 au 2. Spesa haiifanyi springi kuwa ngumu zaidi, inainyanyua tu ianze juu zaidi.

Halafu oili. Mwaga yote, utaona imekuwa nyeusi na pengine ina maji. Weka kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha modeli yako, sawasawa pande zote mbili. Kama una kipimo cha kina, springi ziwe nje na shokapu imebonyezwa yote, upime kutoka kichwani mwa mrija hadi kwenye oili. Pande mbili zisitofautiane. Oili ya shokapu ya SAE 10 inafaa. Ikikosekana kisiwani, ATF ya giaboksi za otomatiki inafanya kazi, Honda wenyewe waliiandika kwenye vitabu vyao vya zamani. Usikubali SAE 40 ya injini. Itafanya shokapu iwe nzito, mashimo madogo yote utayahisi mikononi.

Kuhusu ufupi, nakuelewa. Ila ukifupisha mbele peke yake unasimamisha shingo na kupunguza mkia, na kwenye mchanga wa Ukerewe usukani utakuwa unahangaika. Kama unataka ishuke, punguza sponji ya kiti. Fremu haitajua.

#15 Nesi wa Nansio

Mpira wa nywele ninao. Wabeja sana.

#16 Kirumba Mwaloni

Mleta mada, hujatuambia yenyewe inaendaje sasa.

#17 Mtoto wa Bwana Shamba

Inaenda vizuri, na nasema hivyo baada ya kuijaribu kwa hatua. Nilianzia viwanja vya Furahisha, mwendo wa mtu anayetembea, breki ya mbele peke yake, tena na tena, huku mwenzangu anatazama miguu isipinde. Baada ya hapo Usagara na kurudi, nikakaza upya bolti zote za T, pleti na ekseli. Bolti mpya hulegea kidogo zikishakaa, usiruke hatua hii.

Kisha Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Pale juu, kilomita 3 za maji pande zote mbili, upepo wa ziwa unapiga ubavuni na utajua mara moja kama mbele yako imekaa sawa. Usukani ulitulia. Kwenye vumbi la Buchosa ni mzito kidogo kuliko zamani nikikata kona za polepole, kama hesabu ilivyosema, maana mkia umeongezeka. Breki sasa ni kitu kingine kabisa, vidole viwili vinatosha.

#18 Bunda Kwetu

Na taa? Pikipiki yako volti 6, taa ya mtumba si ya volti 12?

#19 Mtoto wa Bwana Shamba

Ndiyo, balbu ya volti 12 kwenye umeme wa volti 6 inawaka hafifu sana, huoni hata ng'ombe. Nilibaki na taa ya zamani, nikatengenezewa vishikio vipya kwa sababu mirija mipya ni minene kuliko ya kwanza. Swichi ya taa ya breki iliyo kwenye pampu ya diski haijali volti, inafungua na kufunga tu, hiyo niliunganisha na waya wa zamani moja kwa moja. Na kebo ya klachi iangalie ukigeuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia injini ikiwa inaunguruma. Ikivutika, ipitishe njia nyingine au nunua ndefu.